Hamisi yupi? Kuwatofautisha wajina wa ukoo mmoja

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Nakusanya habari za ukoo wetu ili tuchapishe kijitabu cha kuwaachia watoto na wajukuu. Kinachonikwamisha ni jina. Babu yetu aliitwa Hamisi Juma Hamisi. Wanawe watatu, Juma, Salumu na Athumani, kila mmoja alimpa mtoto wake wa kwanza jina la baba yao, na shangazi yetu naye akafanya vivyo hivyo. Basi tuna Hamisi watano. Wa baba mkubwa Juma tulimwita Hamisi Mkubwa; mimi wa Salumu nikawa Hamisi Mdogo; wa baba mdogo ni Hamisi Fundi; wa shangazi ni Hamisi wa Shangazi. Hamisi Mkubwa alifariki mwaka juzi, na sasa wadogo zetu wameanza kuniita mimi Hamisi Mkubwa! Je, kuna kanuni rasmi? Niweke namba, niandike Junia, au vipi? Pili, nimepata hati ya kununua shamba ya mwaka 1981 yenye jina Hamisi Juma Hamisi, na nyumbani wanabishana kama huyo ni babu au marehemu kaka. Tatu, binti yangu anakaribia kujifungua, na anasema akipata mtoto wa kiume atamwita Hamisi. Nimkataze?

(Majina yote yaliyomo kwenye swali yamebadilishwa.)

JIBU

Ndugu Hamisi, pole sana kwa kufiwa na kaka yako.

Nianze na jibu fupi. Kanuni moja rasmi ya dunia nzima haipo. Ila sisi tunaoshughulika na nasaba tuna jambo moja tunalolishikilia: jina la mtu liandikwe kama alivyolibeba mwenyewe, na kile kinachomtenga na wajina wake kikae pembeni, kisichanganywe na jina. Tena hicho cha pembeni kiwe kitu ambacho hakitikisiki mwingine akifa au akizaliwa. Mwaka wa kuzaliwa hautikisiki. Baba ni yuleyule, mama ni yuleyule. "Mkubwa" na "Mdogo" ndivyo vinavyohama, na wewe yameshakufika: umelala Mdogo, umeamka Mkubwa.

Usidhani ni kwenu tu. Katika makoloni ya Waingereza kule Marekani, zama za karne ya 17 na 18, makarani waliandika "Junia" na "Sinia" kwa maana isiyo ya leo. Wanaume wawili wa mji mmoja wakiwa na jina moja, aliyezidi umri aliandikwa Sinia, mwenzake Junia. Waliweza kuwa baba na mwana, mtu na mpwa wake, au watu wasio na undugu hata chembe. Sinia akifa, Junia alipanda akawa Sinia, na wa tatu akashika nafasi ya Junia. Kwa hiyo mtu mmoja anaonekana kwenye daftari la mji kama Junia, na miaka michache baadaye kama Sinia. Wajukuu wa leo wanaofukua nasaba zao wameunganisha watu wawili wakawa mmoja, na kumpasua mmoja wakapata wawili, kwa sababu ya neno hilo peke yake.

Wapenzi wa mpira wameliona jambo hilihili, ingawa pale hapakuwa na undugu. Kwenye Kombe la Dunia la 1994 Brazil ilikuwa na beki aitwaye Ronaldo. Kwa kuwa kikosini alikuwemo pia kijana Ronaldo Nazário, beki akawa Ronaldão, Ronaldo mkubwa, na kijana akawa Ronaldinho, Ronaldo mdogo. Kwenye Olimpiki ya 1996 Nazário alivaa tena jezi iliyoandikwa Ronaldinho, kwa kuwa kikosini kulikuwa na Ronaldo mwingine aliyemzidi umri. Mwaka 1999 akaingia Ronaldo wa Porto Alegre, mdogo kuliko wote, na udogo ukahamia kwake. Ndiye Ronaldinho tunayemjua leo. Mtu akichukua orodha ya wachezaji wa 1996 bila kujua hadithi hii, atampa sifa asiyehusika.

Hata maandishi ya wasomi hayajapona. Husein bin Ali, mjukuu wa Mtume Muhammad, aliwaita wanawe zaidi ya mmoja jina la Ali, na vitabu vinawatofautisha kwa Akbar na Asghar, yaani mkubwa na mdogo. Pamoja na hayo wanahistoria hawakubaliani kama Ali Akbar alimtangulia kuzaliwa ndugu yake Ali Zainul Abidin. Neno "mkubwa" limo ndani ya jina kabisa, na bado halikumaliza ubishi. Na mwenye kusoma habari za Roma atakutana na Pliny Mzee na Pliny Kijana, adhani ni baba na mwana. Ni mjomba na mpwa. Mzee alikufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, na mpwa akarithi jina kwa kuwa mjomba alimfanya mwana katika wosia. Cato Mzee na Cato Kijana nao ni mtu na kitukuu chake. Wakubwa na wadogo wa aina hii hukueleza nani alitangulia, basi. Undugu wao ni juu yako kuuliza.

Kwa hiyo katika kijitabu chako, "Hamisi Mkubwa" iwe lakabu ya marehemu na ibaki hivyo daima, kwenye alama za kunukuu, baada ya jina kamili. Wadogo zako wakuite watakavyo barazani. Kitabuni usiwafuate.

Sasa hii Junia. Kwa matumizi ya leo, hasa Marekani, Junia ni mtoto wa kiume aliyebeba jina la baba yake lote, herufi kwa herufi. Si mjukuu, si mpwa. Mpwa au mjukuu akibeba jina la mkubwa wake lote, desturi ni kumwandikia II, na atakayefuata III. Ni desturi tu, hakuna sheria inayoilinda, na watu hawaifuati sawasawa: cheti cha kuzaliwa cha rais wa zamani Barack Obama kinasomeka Barack Hussein Obama II, ilhali aliyempa jina ni baba yake mzazi, ambaye kwa desturi hiyo angemfanya Junia. Tofauti ndogo ya jina nayo inavunja Ujunia. Marais wawili wa familia ya Bush hawakuwa Sinia na Junia, kwa kuwa baba ni George Herbert Walker Bush na mwana ni George Walker Bush, Herbert haikushuka. Watu wakabaki kuwaita Bush baba na Bush mwana, na wengine wakawaita kwa namba za urais wao, 41 na 43. Namba hizo ni nzuri kuliko Junia, maana zimefungwa kwenye jambo lililokwisha kutokea.

Kwenye ukoo wenu hakuna Junia hata mmoja. Hakuna Hamisi aliyezaliwa na Hamisi. Ukimwandika mjukuu Junia, msomaji wa miaka hamsini ijayo atatafuta baba aitwaye Hamisi ambaye hakuwahi kuwepo.

Kama ungependa neno la kuning'iniza mwishoni, mimi nawasifu wanaosema Kireno. Wao hawaishii kwa Junia. Mtoto ni Filho, mjukuu ni Neto, mpwa ni Sobrinho, na Júnior wanayo pia. Neymar da Silva Santos ndiye baba, na Neymar da Silva Santos Júnior ndiye mchezaji. Ukisoma Neto, unajua moja kwa moja kuwa jina limeruka kizazi kimoja. Hasara yake ni kwamba neno likikaa sana huota mizizi likawa jina la ukoo. Agostinho Neto, rais wa kwanza wa Angola, hiyo Neto ilikuwa jina lake la ukoo.

Tuje kwenye njia ambayo ni yenu tayari: jina la mtu, la baba, la babu. Njia hii inatumika kuanzia nchi za Waarabu hadi Ethiopia na huku kwetu, na ndiyo silaha bora ya kuwatenga watoto wa ndugu wa kiume. Hamisi Salumu Hamisi hawezi kuchanganywa na Hamisi Athumani Hamisi. Wanaowaita watoto kwa majina ya babu zao, wawe Wagiriki, Waskoti wa zamani au Wakikuyu, wote hujikuta na mabinamu wenye jina moja, na mara nyingi jina la baba ndilo linalowaokoa. Iceland, ambako watu wengi hawana jina la ukoo, kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza, kikaongeza na kazi ya mtu, kwa sababu jina na la baba peke yake havikutosha.

Hapo ndipo penye shimo ambalo ukoo wenu umetumbukia. Majina yakipokezana, babu Hamisi, baba Juma, mjukuu Hamisi, basi jina kamili la matatu hurudi lilivyokuwa kila baada ya kizazi kimoja. Babu yako: Hamisi, mwana wa Juma, mwana wa Hamisi. Marehemu kaka yako: Hamisi, mwana wa Juma, mwana wa Hamisi. Hakuna herufi inayotofautiana. Kama kaka aliacha mwana aitwaye Juma, huyo ni Juma Hamisi Juma, sawa kabisa na baba yenu mkubwa, ambaye naye ni Juma Hamisi Juma. Ukirefusha jina hadi manne au matano hupati nafuu, maana mnyororo wenyewe ni Hamisi, Juma, Hamisi, Juma hadi ufike kwa babu wa mbali aliyekuwa na jina jingine.

Waathene wa kale walikuwa na familia moja tajiri iliyofanya hivyo kwa vizazi: Callias, mwanawe Hipponicus, mwanawe Callias, na kuendelea. Aristophanes, mtunzi wa vichekesho, aliwatania jukwaani mwaka 414 kabla ya Kristo kwa kupokezanisha majina hayo mawili. Hadhira ilicheka kwa sababu iliwajua. Msomaji wako hatawajua, kwa hiyo mpokezano ukishaonekana, jina la baba liache lilivyo na uongeze kimoja kati ya viwili: mwaka wa kuzaliwa, au jina la mama.

Mama hasahauliki bure ila kwa uvivu wetu wa kuandika. Palipo na wake zaidi ya mmoja, na kila mke ana mwanawe aliyepewa jina la babu mmoja, jina la baba halisaidii kitu. Wote ni wa baba mmoja. Waarabu walilijua hili mapema. Ali bin Abi Talib alikuwa na mwana aitwaye Muhammad aliyezaliwa na mama wa kabila la Hanifa, na historia inamtaja mpaka leo kama Muhammad bin al-Hanafiyya, mwana wa yule mama wa Kihanifa. Wahispania wao wamelifanya jambo la kawaida: mtu hubeba jina la ukoo wa baba na la ukoo wa mama kwa pamoja. Baba yake mwandishi Gabriel García Márquez naye aliitwa Gabriel, Gabriel Eligio García. Mwana alichukua Márquez ya mama yake, wakatengana bila Junia wala namba. Kwenu, ndugu Hamisi, nashauri kila jina la mtoto kitabuni liambatane na la mama, hata pale ambapo kwa sasa hakuna wa kumchanganya naye.

Namba je? Namba zina mvuto wa kifalme, na huko kwa wafalme ndiko tunakoona zinavyovurugika. Familia ya Reuss, watawala wa sehemu ndogo ya Ujerumani, waliamua kila mtoto wa kiume aitwe Heinrich. Kila mmoja, si mtawala tu. Basi namba zao zilihesabu kuzaliwa, si vizazi wala utawala: tawi moja lilihesabu mpaka mia kisha likaanza upya, tawi jingine likaanza upya kila karne. Aliyeachia utawala mwaka 1848 alikuwa Heinrich wa 72, na hakuwatangulia watawala 71. Namba yake haikwambii baba yake ni yupi. Mapapa nao: hakuna Papa Yohane wa 20, hesabu ilikosewa karne za kati, na waliofuata wakaendelea mbele na kosa. Kardinali Roncalli alipochaguliwa mwaka 1958 akajiita Yohane wa 23, ikabidi kukumbushana kuwa kulikuwa na Yohane mwingine wa 23 katika karne ya 15, ambaye Kanisa halimhesabu kuwa papa halali. Namba ikishatoka hairudishwi.

Hata hivyo wanahistoria huzitumia, nami nazitumia, kwa sharti moja: ijulikane kuwa ni namba ya mwandishi na si ya mwenye jina. Mfano safi ni familia ya Paston ya Norfolk, Uingereza, iliyoacha barua nyingi za karne ya 15. John Paston alizaa mwana mwaka 1442 akamwita John, akazaa mwingine 1444 akamwita John vilevile, na wote wawili wakakua. Wataalamu wanawaita John I, John II na John III. Mtu akiona namba hizo anafikiri ni babu, baba na mjukuu, kumbe wa pili na wa tatu ni ndugu tumbo moja. Namba zinawatenga vizuri sana, na hazikwambii uhusiano hata kidogo.

Namba inayosema uhusiano ipo, na ndiyo ninayotaka uitumie. Ina majina ya waliobuni lakini kazi yake ni rahisi. Ukitoka kwako kurudi nyuma kwa wazazi, kuna utaratibu uliochapishwa na Michael Eytzinger mwaka 1590: wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3, na baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni hiyo na moja zaidi. Babu mzaa baba hapo ni 4 daima. Ukitoka kwa babu kushuka kwa wajukuu, kama unavyofanya wewe, tumia mfumo wa Mfaransa Jacques d'Aboville: babu ni 1, wanawe ni 1.1, 1.2, 1.3 kwa mpangilio wa kuzaliwa, wanawake kwa wanaume. Mtoto wa kwanza wa 1.2 ni 1.2.1. Ukiiona namba unahesabu nukta, unajua kizazi. Ukikata tarakimu ya mwisho unampata mzazi. Kwenye wake wengi unaweza kuongeza herufi ya mke. Udhaifu wake: akigunduliwa mtoto aliyesahauliwa katikati, wadogo wote wanasogea. Ndiyo maana namba iwe ya kumtafutia mtu kitabuni, na utambulisho wenyewe ubaki kwenye miaka na wazazi.

Tuseme baba yako alikuwa wa pili, shangazi wa tatu, baba mdogo wa nne. Kwa mtindo huo Hamisi zenu zitakaa hivi (miaka ni ya mfano, weka ya kwenu):

1 Hamisi Juma Hamisi, takriban 1921–1990.
1.1.1 Hamisi Juma Hamisi, "Hamisi Mkubwa", 1953 hadi mwaka juzi. Mama yake fulani.
1.2.1 Hamisi Salumu Hamisi, "Hamisi Mdogo", alizaliwa 1958. Mama yake fulani.
1.3.1 Hamisi, kisha majina ya baba yake na babu yake mzaa baba. "Hamisi wa Shangazi". Mama yake ni binti wa 1.
1.4.1 Hamisi Athumani Hamisi, "Hamisi Fundi". Mama yake fulani.

Angalia wa shangazi. Majina yake mawili ya mwisho ni ya ukoo mwingine, na ndiyo haki yake. Nimeona vitabu vya ukoo vinavyomnyang'anya mtoto wa binti jina la baba yake ili afanane na wengine. Usifanye hivyo, utamkosesha njia ya kurudi kwa watu wa upande wa pili. Na tarehe usizozijua ziandike "takriban" au "kabla ya", usizitunge ili safu zilingane.

Lakabu msiziogope. Makarani huzidharau, lakini mara nyingi ndizo zinazobeba ukweli wa familia. Nikupe ukoo mmoja unaojulikana, wa mchoraji Vincent van Gogh, kwa sababu una karibu kila tatizo lako. Babu yake ni Vincent, mchungaji, 1789–1874. Baba yake mkubwa ni Vincent, 1820–1888. Tarehe 30 Machi 1852 wazazi wake walizaa mtoto aliyekuwa amekwishafariki, wakamwita Vincent. Tarehe 30 Machi 1853, mwaka mmoja kamili, akazaliwa mchoraji. Mwaka 1890 mdogo wake Theo akapata mwana: Vincent. Basi kuanzia 1853 hadi 1874 kulikuwa na kina Vincent watatu walio hai, na mwaka 1890 mchoraji na mtoto wa mdogo wake waliishi pamoja duniani kwa miezi sita.

Sasa ujaribu kuwatenga kwa kazi. Baba mkubwa alikuwa mbia katika kampuni ya Goupil iliyouza picha za sanaa, na mwaka 1869 kijana Vincent akaajiriwa hukohuko. Karatasi ya biashara ya miaka hiyo yenye "V. van Gogh" haitoshi, kazi ni ileile, jina ni lilelile. Siku ya kuzaliwa nayo ingekudanganya kati ya ndugu wawili, mpaka uutazame mwaka. Familia yenyewe haikuhangaika: baba mkubwa alikuwa Cent, na mtoto wa Theo alipokuwa mtu mzima akajulikana kama Mhandisi. Lakabu mbili fupi, na kila mtu nyumbani alijua anayesemwa. Mtu wa nje ndiye anayehitaji miaka. Kwa hiyo "Hamisi Fundi" iandike, na uandike fundi wa nini, maana mwanawe akiwa fundi pia mtarudi palepale.

Kuhusu hati ya 1981. Kwa kuwa majina matatu ni yaleyale, acheni kubishana juu ya jina. Halitawapa jibu hata mkilisoma mpaka usiku. Tazameni vilivyo karibu nalo. Kwanza umri: kwa miaka yangu ya mfano, mwaka huo kaka alikuwa na 28 na babu 60, hivyo wote wangeweza kununua, lakini kama kwenu kaka alikuwa bado yuko shule, suala limekwisha. Pili, mkono: imetiwa saini au dole gumba? Kama saini, ilinganisheni na karatasi nyingine ambayo hamna shaka nayo, barua ya kazi ya kaka au cheti cha ndoa yake. Tatu, mashahidi. Mashahidi wa babu kwa kawaida ni wazee wenzake, wa kaka ni rika lake; tafuteni umri wa kila shahidi aliyeorodheshwa. Nne, majirani wa mipaka, ambao hutajwa kwenye hati nyingi za shamba: wao au watoto wao wanajua nani alilima pale mwaka uliofuata. Tena someni maneno madogo kama "mzee", "mkazi wa", "mtumishi wa", ambayo karani huyaandika bila kufikiri na ambayo ukweli hupenda kujificha ndani yake.

Kimoja kati ya hivyo hakitoshi. Viwili vinavyojitegemea vikielekea upande mmoja, ndipo uandike. Hospitali zinafuata mantiki hiyohiyo: mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilihimiza mgonjwa athibitishwe kwa vitambulisho visivyopungua viwili, na namba ya chumba isiwe mojawapo, kwa sababu vitanda hubadilishwa. Kitabuni andika jina kama hati inavyosema, kisha kwenye mabano ya mraba "[1, huenda]" au "[1.1.1]". Usiguse hati yenyewe kwa kalamu. Na kama kuna mgogoro wa umiliki nyuma ya swali hili, kama ninavyohisi, basi kijitabu cha ukoo si mahali pa kuumaliza; pelekeni hati kwa mwanasheria kabla ya kuchapisha neno lolote juu ya shamba hilo.

Mwisho, binti yako. Kuna watu ambao wangemkatalia. Wayahudi wa Ashkenazi kwa desturi hawampi mtoto jina la jamaa aliye hai, na Wachina wa zamani waliona ni utovu wa adabu mtoto kubeba jina la mkubwa wake. Huko tatizo lako halizaliwi. Lakini wewe hukuniuliza kama ni heshima, uliniuliza kama italeta mchanganyiko. Haitaleta. Mtoto atakuwa Hamisi wa baba yake, na jina la mkweo halimo kwenye mpokezano wenu wa Hamisi na Juma, labda kama mmepata mkwe aitwaye Juma, na hapo itabidi uniandikie tena. Wampe na jina la pili lisilopatikana kwenu, waliandike kwenye cheti cha kuzaliwa tangu siku ya kwanza, maana jina linaloongezwa baadaye huzaa mtu wa pili kwenye karatasi. Martin Luther King alizaliwa mwaka 1929 akiitwa Michael, kama baba yake. Baba akabadilisha majina ya wote wawili miaka ya 1930, na cheti cha mwana hakikurekebishwa hadi 1957. Na wasimwite Junia hata kwa utani. Kama binti yako ni mtoto wako wa pili, mjukuu huyo, akiwa wa kwanza wa mama yake, ataingia kwenye kijitabu kama 1.2.1.2.1.